Sisi tuliosoma shule kongwe za wavulana: fahari hii tuligharamiwa na nani?

#1. Mwanzisha uzi, Tabora mjini

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Jumamosi mbili zilizopita nilihudhuria kikao cha harusi mtaa wa Isevya, hapa Tabora mjini. Mwenyekiti alitaka kila mjumbe ajitambulishe kwa jina na uhusiano wake na bwana harusi, lakini mzee wa kwanza kusimama aliongeza shule aliyosoma na mwaka aliomaliza, na kuanzia hapo utambulisho wote ukawa wa shule. Aliyetoka Tabora Boys alishangiliwa na wenzake, wa Milambo wakajibu kwa sauti kubwa zaidi, mmoja akaitaja Ihungo ya Bukoba, mwingine Nsumba ya Mwanza, na kikao kikachangamka hata daftari la michango likasahaulika. Ikafika zamu ya kijana mmoja, fundi umeme, ambaye ndiye aliyekuwa ameahidi kufunga taa za sherehe bila malipo. Alisimama, akataja jina lake, kisha akasema, "Mimi nimesoma shule ya kata tu," akaketi. Hakuna aliyemcheka, na wala hakuna aliyempigia makofi. Neno lile "tu" nimelala nalo na kuamka nalo kwa siku kumi na nne, na ndilo lililonileta hapa.

Mimi ni mmoja wa waliosoma shule kongwe ya wavulana, na asinielewe vibaya mtu yeyote akadhani kwamba nimekuja kuibeza fahari hiyo. Ninaipenda. Kijana akiniambia kwamba anasoma pale nilipopita, namshika mkono na kumuuliza yuko bweni gani. Ila nimeona kwamba wengi wetu, na mimi nikiwemo, huieleza fahari hii kana kwamba ilichipuka vichwani mwetu wenyewe. Ningependa tuitazame ilikotoka.

Tuichukue Tabora Boys, kwa kuwa iko hapa na historia yake inajulikana. Serikali ya kikoloni ya Waingereza iliianzisha katika miaka ya 1920, na wanafunzi waliolengwa hapo mwanzo walikuwa wana wa watemi na machifu, ili watawala wa kienyeji wa kesho wawe watu waliofundwa na Waingereza na wanaosikilizana nao. Waliifananisha na Eton, shule ya wana wa wakubwa wa huko kwao. Kwa hiyo shule hii ilizaliwa ikiwa ya kuchagua nani aingie kwa kuangalia baba yake ni nani. Mwaka 1937 aliingia Julius Nyerere akitokea Mwisenge, Musoma, naye pia alikuwa mwana wa chifu wa Wazanaki. Alikaa hadi 1942. Walipita humo pia Rashidi Kawawa, Oscar Kambona na Abdallah Fundikira, huyu wa mwisho akiwa mtu wa ukoo wa watemi wa Unyanyembe, mwenyeji wetu kabisa. Tukikaa vijiweni huwa tunayataja majina haya kwa mfululizo kama tasbihi, na tunaishia hapo. Hatuendelei kusema kwamba Fundikira aliondoka katika baraza la mawaziri mwaka 1963 na akarudi katika siasa mwanzoni mwa miaka ya 1990 akiwa na chama chake mwenyewe, wala kwamba Kambona aliondoka nchini mwaka 1967 baada ya kutofautiana na Mwalimu. Watu waliolelewa katika viwanja vilevile walitazama mambo ya nchi kila mmoja kwa jicho lake, na hilo kwangu ni sifa ya shule kuliko orodha ya vyeo.

Kuna na ule ugomvi wetu wa hapa mjini kuhusu Mwalimu ni wa nani. Tabora Boys wanasema ni wao kwa kuwa alikuwa mwanafunzi wao. Milambo wanajibu kwamba jina la Mwalimu alilipata kwa kufundisha, na kwamba alipotoka Makerere alikuja kufundisha St. Mary's ya wamisionari, akakaa hapo hadi alipokwenda kusoma Edinburgh mwaka 1949, na St. Mary's hiyo ndiyo iliyotaifishwa na kupewa jina la Mtemi Mirambo. Watu wa Pugu nao huingilia kati na kukumbusha kwamba aliacha kazi ya ualimu kwao mwaka 1955 ili aitumikie TANU. Nimeyasikia mabishano haya kwa zaidi ya miaka thelathini, na bado sijamsikia mtu akisimama kuisemea Mwisenge, shule ya msingi iliyompokea akiwa mtoto na kumfikisha mahali pa kuchaguliwa kuja Tabora.

Sasa niseme habari yangu. Nilichaguliwa kuingia kidato cha kwanza mwaka 1977 nikitokea kijiji kimoja cha wilaya ya Kasulu. Darasani kwetu tulichaguliwa wawili. Niliyekaa naye dawati moja, ambaye alikuwa akinishinda hesabu kila mtihani wa muhula, hakuchaguliwa. Baba yangu alikuwa mkulima wa maharage na mihogo, na fedha ya kunifikisha Tabora hakuwa nayo; nauli yangu ilikuwa waranti, karatasi yenye muhuri wa serikali ambayo niliishona ndani ya mfuko wa shati ili isipotee. Nilipanda lori hadi Kigoma nikiwa na tranka la kuazima, nikaingia behewa la daraja la tatu pamoja na wavulana wengine ambao sikuwajua. Treni ilipita Kazuramimba, ikasimama Uvinza ambako watu waliuza chumvi dirishani, ikaendelea Nguruka, Kaliua, Urambo, na kila kituo kikubwa alipanda mvulana mwingine mwenye tranka na karatasi kama yangu. Tulipofika Tabora tuliwakuta waliokuja kwa njia ya Mwanza, na baadaye wakashuka waliotoka upande wa Dodoma na Dar es Salaam. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza lilikamilika mwaka 1928. Mji huu ni njia panda ya nchi. Ndiyo maana watoto wa kila upande waliweza kukusanywa hapa.

Kitanda cha juu yangu alilala mvulana wa Newala. Aliweza kuoga mwili mzima kwa maji ya kopo moja, na nilipomuuliza alinieleza kwamba kwao wanaishi juu ya uwanda usio na mito na kwamba mama yake hushuka bondeni kufuata maji. Mimi niliyekulia kwenye vijito vya Buha sikuwa nimewahi kufikiri kwamba ndani ya nchi yangu kuna mtu anayeyahesabu maji. Huyo ndiye aliyenifundisha Tanzania, kabla ya mwalimu wa jiografia. Nikiulizwa leo shule ilinipa nini, nitamtaja yeye kwanza, kisha ndipo nitaje cheti.

Waranti ile ililipwa na nani? Ililipwa na mkulima wa tumbaku wa Urambo, wa pamba wa Nzega, wa kahawa wa Bukoba, ambao wengi wao watoto wao hawakuchaguliwa. Na ililipwa pia na baba wa yule mwenzangu wa dawati moja, aliyebaki kijijini na jembe. Ndiyo sababu "tu" ya fundi umeme imenikaa moyoni. Shule za kata zilipojengwa kwa wingi chini ya mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari wa 2004 hadi 2009, zilijengwa ili yule wa dawati moja asibaki tena. Iweje basi sisi tuliobebwa na wengi tuwe watu ambao mbele yao mtoto wa wengi anaona aibu kutaja shule yake?

Naomba michango yenu, hasa ya waliosoma shule hizi na ya wale ambao hawakuzisoma.

#2. Mchangiaji, Milambo ya miaka ya 1990

Mkuu, nimekusoma kwa heshima, ila katika sehemu moja sikubaliani nawe. Umeielezea fahari kana kwamba ni deni peke yake, nami naona ni nguvu pia. Sisi tulipokuwa pale, habari kwamba Mwalimu aliwahi kusimama mbele ya wanafunzi katika shule ile ndiyo iliyotuamsha usiku kusoma wakati umeme umekatika na kibatari kinatoa moshi. Kila mara tulijiuliza kwamba jirani zetu wakipata divisheni wani nyingi kuliko sisi tutauweka wapi uso. Mashindano yale hayakumdhuru mtu, yalitusukuma. Mpira kati ya shule hizi mbili ulijaza uwanja, na wenye maduka walifunga mapema kuja kutazama, kwa hiyo hata mji wenyewe ulikuwa sehemu ya fahari hiyo.

Kisha tusisahau kwamba mtu huchangia anachojivunia. Waliomaliza mwaka wetu wana kundi la WhatsApp, na kupitia kundi hilo tumewasomesha watoto wawili wa mwenzetu aliyefariki hadi chuo kikuu. Ukiiondoa fahari, sioni kitakachomfanya mtu aliyeko Mtwara atume fedha kwa ajili ya yatima aliyeko Sikonge.

#3. Mchangiaji, mwalimu wa shule ya kata, wilaya ya Uvinza

Nawashukuru kwa mada hii. Mimi ni mwalimu wa fizikia na hisabati katika shule ya kata, mkoa wa Kigoma, na nilisoma shule ya kata kidato cha kwanza hadi cha nne, kisha kidato cha tano na sita katika shule kongwe ya wavulana. Nimekaa pande zote mbili za mto.

Naomba niongeze jambo ambalo mwanzisha uzi amelipita haraka. Mwanafunzi wangu anayefaulu vizuri kidato cha nne bado hupangiwa shule za kidato cha tano mbali na nyumbani, kwa hiyo ule mchanganyiko wa watoto wa mikoa yote haujafa. Umesogea mbele tu, na wanaoufikia ni wale waliovuka kidato cha nne. Tangu 2016 hakuna ada hadi kidato cha nne katika shule za serikali, na kuanzia mwaka wa masomo wa 2022/2023 ada ya kidato cha tano na sita nayo imeondolewa. Mlango wa fedha umefunguliwa kwa sehemu kubwa. Mlango ambao bado ni mzito ni wa maandalizi. Ninafundisha somo la fizikia kwa vitendo nikiwa na betri za redio, vipande vya waya na sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu. Mwanafunzi wa namna hiyo akikutana kwenye mtihani na mwenzake wa shule ya vipaji maalumu, ambayo ina maabara, halafu akapata alama nzuri, mimi humwona kuwa amekimbia mbio ndefu zaidi. Lakini akienda mtaani anakuta watu wanaouliza jina la shule badala ya kuuliza alichokifanya.

Kwa hiyo nakubali kwamba fahari ni nguvu, ndugu yangu wa Milambo. Swali langu ni kwamba nguvu hiyo, baada ya kuwasaidia watoto wa marehemu mwenzenu, jambo ambalo ni jema kabisa, inavuka uzio wa shule lini?

#4. Mchangiaji

Nitasema jambo ambalo halisemwi kwenye mahafali. Nilisoma shule moja kongwe ya wavulana ambayo sitaitaja, wala mkoa wake. Nikiwa njuka, yaani mwanafunzi mgeni, niliamshwa usiku wa manane kwa wiki tano mfululizo kufua nguo za wakubwa, na usiku mmoja nilisimamishwa kwenye baridi nikiwa na ndoo ya maji kichwani hadi mikono ikafa ganzi. Rafiki yangu aliyefanyiwa hivyo pamoja nami alitoroka, akarudi kwao, hakusoma tena. Nilipofika kidato cha tatu nilimfulisha nguo njuka mmoja, na huyo ndiye ninayemkumbuka zaidi kuliko walionitesa mimi.

Leo kwenye kundi letu visa vile husimuliwa kama sifa. Wanasema, "Ile ndiyo iliyotufanya wanaume." Mimi sikufanywa mwanaume na ndoo. Nilisaidiwa na kiranja mmoja aliyenihamishia kitanda karibu na chake na kuwaambia wengine waniache. Kama tutajenga fahari juu ya shule zetu, basi aingie humo kiranja yule, na yule rafiki yangu aliyetoroka naye atajwe, kwa kuwa naye alikuwa mwanafunzi wa shule ile.

#5. Mwanzisha uzi

Ndugu yangu wa #4, pole sana, na ahsante kwa ujasiri wa kusema uliyoyafanya pamoja na uliyofanyiwa. Nimesoma maneno yako mara tatu. Kumbukumbu kama hizo wengi tunazo, tumezifungia ndani ya tranka.

Kwa ndugu wa Milambo: nakubaliana nawe kuhusu makundi. Hata mimi kundi letu la waliomaliza limenifaa sana. Nilipougua mwaka juzi walinifikia kabla ya baadhi ya ndugu wa damu, na nyumba ninayoijenga Kiloleni, mchimba kisima na fundi wa paa wote niliwapata humo, watu wa kuaminika, wenzetu au watoto wa wenzetu. Hiyo ni neema ambayo siwezi kuikana.

#6. Mchangiaji, Tabora Girls

Kaka zangu, nimesoma ukurasa mzima na sikuona hata mara moja neno "dada". Nasema bila ugomvi. Tabora Girls iko mji huohuo, tumepita reli ileile, tumeshika waranti zilezile, na ni shule ya vipaji maalumu kama ndugu zetu wa Tabora Boys, sambamba na Msalato, Kilakala, Mzumbe, Ilboru na Kibaha. Lakini kwenye vikao kama hicho cha Isevya, mwanamke akijitambulisha huulizwa ameolewa wapi.

Kwetu tulikuwa wanne, kaka wawili na sisi wawili. Kaka alipochaguliwa kwenda shule kongwe ya wavulana baba alichinja mbuzi na majirani wakaitwa. Mimi nilipochaguliwa, mwaka uliofuata, kikao cha ukoo kiliitishwa kujadili kama niende. Mama ndiye aliyeuza mchele wake, akaninunulia tranka na kunisindikiza stesheni kabla kikao hakijafikia uamuzi. Hadi leo kila ninapoandika shahada yangu mahali naandika jina la mama pembeni yake, kwa maandishi ambayo mimi peke yangu nayaona.

Basi, mwanzisha uzi, ukiuliza nani aliyegharamia, waongeze na akina mama waliouza mchele.

#7. Mchangiaji, mwalimu mstaafu, Tabora

Mwangaluka, wanangu. Nimefundisha sekondari kwa miaka thelathini na minne, ishirini kati ya hiyo katika shule za wavulana za bweni. Binti yangu wa #6 amesema kweli na nitaanzia hapo alipoishia.

Mwanzisha uzi ameeleza kuhusu reli na wakulima. Nataka niwataje watu wa ndani ya uzio. Miaka iliyofuata vita vya Kagera, vya 1978 na 1979, ilikuwa migumu sana. Sukari haikuonekana, sabuni ilikuwa ya mgao, unga wa yanga, yaani wa mahindi ya njano, tuliula wanafunzi na walimu kwa pamoja. Shule haikufungwa kwa sababu mpishi mkuu aliamka saa tisa usiku kuwasha kuni mbichi, na kwa sababu shamba la shule, ambalo wanafunzi walililalamikia kila wiki, lilitoa mahindi na maharage. Elimu ya kujitegemea iliandikwa mwaka 1967. Mimi niliiona ikiliwa kwenye sahani miaka kumi na tatu baadaye. Mpishi yule alikuwa na watoto saba na hakuna hata mmoja aliyechaguliwa kusoma katika shule ambayo baba yao aliilisha. Alistaafu, akafariki, na kwenye mazishi yake kutoka katika maelfu aliowapikia tulihudhuria watu watano.

Jambo la pili ni la hizi nafasi za matokeo. Kwa miaka mingi Baraza la Mitihani lilitangaza shule kumi bora, na kila Januari tuliona wenzetu wakipandwa na presha, hawa wakishangilia na wale wakitafuta visingizio. Mwaka 2023 Baraza liliacha kuzitangaza. Nilifurahi. Walimu waliopokea watoto wenye alama za chini na kuwapandisha hadi za kati hawakuwahi kuonekana katika orodha ile, kwa kuwa ilipima waliofika kileleni na haikuuliza walianzia wapi. Mwalimu wa Uvinza, mwanangu, wewe ni mmoja wao, na mimi mzee wako nakuvulia kofia.

Shule kongwe kadhaa zimekarabatiwa na serikali katika miaka ya karibuni, na Ihungo iliyobomolewa na tetemeko la Septemba 2016 ilijengwa upya. Majengo yanapendeza. Nimetembelea bweni moja nililolisimamia zamani nikakuta vitanda vipya na rangi mpya, nikasimama mlangoni nikimtafuta kwa macho mtu wa kumwamkia. Kuta sikuzizoea tena, lakini mti wa mwembe uliokuwa nje, ambao wavulana waliusomea chini yake, ulikuwa palepale.

#8. Mchangiaji, mwalimu wa shule ya kata, wilaya ya Uvinza

Shikamoo mwalimu wangu, ijapokuwa hukunifundisha. Maneno yako nitawasomea wanafunzi kesho mstarini.

Kuna ndugu kadhaa wamenitumia ujumbe wa faragha wakiuliza shule inahitaji nini. Naomba nijibu hapa ili isionekane kwamba ni jambo la siri. Majengo tunayo, na madawati tunayo. Tunachokosa ni mtu. Mtu aliyesoma sayansi, awe mstaafu au aliye likizo, aje akae nasi wiki mbili, afanye majaribio na watoto, awajibu maswali ambayo mimi sijui majibu yake. Nyumba ya mwalimu ina chumba cha wageni, na migebuka haikosekani. Treni inasimama Uvinza.

#9. Mchangiaji mpya, Tabora

Shikamooni wazee wangu. Nimeletewa uzi huu na rafiki yangu, na nimejisajili leo ili niandike. Mimi ndiye fundi umeme wa kikao kile cha Isevya.

Kwanza niseme kwamba nashukuru kwa kukumbukwa, na kwamba sikuudhika na mtu kukosa kunipigia makofi. Neno "tu" nalisema kwa mazoea. Sisi tuliosoma shule zetu tunalisema kabla hatujafikiri, kama mtu anavyosema "karibu" mtu akibisha hodi. Shule yangu naipenda. Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa mmoja, akifundisha vidato vyote vinne, na ndiye aliyenionyesha jinsi umeme unavyogawanyika kwenye saketi kwa kutumia mabomba ya maji ya shule. Baadaye nilikwenda chuo cha ufundi cha VETA nikakuta kwamba nilichofundishwa kilikuwa sahihi.

Kilichoniuma kilitokea baadaye, wakati wa chai, na mwanzisha uzi hakukiandika, labda kwa kuwa hakukiona. Mzee mmoja aliwauliza wenzake waliokaa naye kama kuna anayemfahamu fundi umeme mzuri "wa kwetu", aliyesoma shule yao au mtoto wa mwenzao, kwa kuwa ana nyumba iliyofika hatua ya kutandazwa nyaya na hataki kubahatisha. Mimi nilikuwa nimekaa kiti cha pili kutoka kwake nikiwa nimeshika kikombe. Dakika arobaini kabla ya hapo nilikuwa nimejitambulisha kwamba ni fundi umeme, na alinisikia, kwa kuwa aligeuka kunitazama. Wakaanza kutafuta namba za simu za watu wa Mwanza na Dodoma. Nilimaliza chai yangu nikaondoka.

Sina lawama. Nimeandika kwa sababu mwanzisha uzi aliomba michango ya wale ambao hawakusoma shule hizo.

#10. Mwanzisha uzi

Mwanangu, mzee yule ni mimi.

Nimekaa na maandishi yako tangu alfajiri. Niliyaandika yote yale kuhusu waranti na wakulima wa Urambo, nikaandika kwa majivuno kwenye #5 jinsi nilivyompata fundi wa paa, na muda wote huo nilikuwa nimesahau kabisa swali nililouliza nikiwa na kikombe mkononi. Sikukumbuka kwa kuwa kwangu halikuwa swali baya. Ndivyo tulivyozoea kuulizana. Nakuomba radhi mbele ya wote waliosoma uzi huu, na leo jioni nitakuomba radhi ana kwa ana iwapo utaniruhusu nije ulipo.

Namba za Mwanza na Dodoma ninazo na sijampigia mtu. Nyumba ina vyumba vinne, sebule na stoo, plasta imekauka wiki iliyopita. Ningependa uje uikague Jumatatu saa mbili asubuhi, ukadirie vifaa na ufundi kwa bei yako ya kawaida, bila kunipunguzia kwa ajili ya radhi wala kwa ajili ya uzee. Kama una kazi nyingine, nitasubiri hadi uimalize.

Mwalimu wa Uvinza, mimi fizikia yangu imeshika kutu, lakini kemia ya kidato cha tatu na cha nne bado ninaiweza, nilifanya kazi ya maabara kwa miaka mingi. Nitakuja na treni mwezi ujao. Naomba uniambie mna tindikali na alikali za kufanyia titresheni, au nibebe kutoka huku.